Kabla hujapokea funguo za kabati: kwa binti anayeanza kazi duka la kaunta

Binti wa jirani yangu anaanza kazi Jumatatu. Mama yake alikuja jana jioni na sahani ya karanga za kuchemsha, akakaa, akazunguka mbuyu kidogo, kisha akasema, "Mama, wewe ulisimama kaunta miaka mingi. Hebu zungumza na huyu mwanao asije akanirudia nyumbani analia."

Nilisimama miaka 11, kuanzia 1998, kwenye duka moja kubwa maeneo ya Uhindini, hapa Dodoma mjini. Niliingia nikiwa na miaka 19, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha na viatu vya kuazima. Kulia nililia, tena mwezi wa kwanza tu, na sababu nitaisema. Niliyomwambia binti ndiyo haya. Nimeyaweka kwenye maandishi kwa sababu aliondoka anatikisa kichwa kwa adabu, na mimi najua kutikisa kichwa kwa adabu maana yake nini.

Maduka ya namna ile yamebaki machache, lakini yapo, na bado yanaajiri mabinti. Si supamaketi ambako mteja anazunguka na kikapu. Ni duka la kaunta ndefu ya mbao, upande mmoja vitambaa, upande wa pili sare za shule na viatu, nyuma vyombo, juu kabisa mabegi na mablanketi, na keshia amekaa peke yake ndani ya kizimba cha waya kama njiwa. Kila upande una mwenyewe. Mteja hagusi kitu mpaka umshushie. Akishapenda, unamwandikia bili, anaipeleka kizimbani, analipa, anarudi na bili iliyogongwa muhuri, ndipo unamfungia mzigo. Mtu wa leo anaona ni usumbufu. Mwenye duka anaona kwamba anayeshika mali hashiki pesa, na anayeshika pesa hashiki mali. Ukishaelewa hapo, nusu ya ukali wa bosi utauelewa.

Siku ya kwanza usiuze, hesabu

Nilipewa upande wa mabegi na mablanketi. Dada niliyempokea alikuwa anaondoka kwenda kuolewa Singida, ana haraka, ana furaha, akanikabidhi funguo za kabati akaniambia, "Kila kitu kipo, mdogo wangu, we angalia tu." Nikaangalia. Maboksi yamepangwa mpaka darini, yanapendeza. Nikasema asante dada, nikamtakia heri.

Mwisho wa mwezi ikafanyika hesabu ya mali. Boksi la tatu kutoka juu likashushwa, likashuka jepesi. Ndani kulikuwa na magazeti yaliyokunjwakunjwa. Begi halikuwepo. Likaandikwa kwa jina langu, shilingi 18,000, likakatwa lote kwenye mshahara wangu wa kwanza. Siku ile nilitembea kwa miguu kutoka Uhindini mpaka Chang'ombe kwa sababu nauli ya daladala nilikuwa naihesabia kesho. Mpaka leo sijui begi lile aliliuza nani. Sitaki kumdhania bibi harusi wa watu.

Kwa hiyo, mwanangu, siku utakayokabidhiwa funguo, hata kama duka limejaa wateja mpaka barazani, sema hivi kwa upole: "Naomba tuhesabu pamoja." Halafu hesabu kweli. Kila boksi lifunguliwe. Viatu vitazamwe vyote viwili, maana utakuta boksi lina kulia namba 6 na kushoto namba 7, na hilo ni jozi mbili zilizokufa kwa mpigo. Masufuria yenye mifuniko, hesabu mifuniko peke yake. Seti za vikombe, vitoe uvigonge kwa ukucha: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Majora ya vitambaa hayahesabiwi kwa idadi, yanapimwa, kwa sababu jora lililobaki mita 4 na jora lililobaki mita 14 ukiyatazama kwa mbali yanafanana, hasa kama lile la mita 4 limezungushiwa ubao mnene.

Andikeni orodha. Nyinyi wawili msaini, awepo na mtu wa tatu, tarehe iwekwe. Piga picha kwa simu. Wenzako watakuona una maringo ya kitoto. Waache.

Hapa niingize sheria kidogo, kwa sababu sisi tulikuwa hatuijui na nyinyi mnayo mfukoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kitu kilichopotea kwa kuamua tu. Lazima upotevu uwe umetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi gharama halisi ya kitu chenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sheria hiyo hiyo imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, siku zisizozidi 6, mapumziko ya saa nzima ukishafanya kazi saa 5 mfululizo, na likizo ya mwaka ya siku 28. Maelezo ya ajira yako unatakiwa upewe kwa maandishi. Uliza na michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Usiulize siku ya kwanza asubuhi mlangoni ukaonekana umekuja na wakili, uliza wiki ya kwanza, ukiwa umeshafagia. Mambo yakiharibika kabisa ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utahitaji karatasi zako.

Vumbi

Dodoma ina vumbi, hilo hakuna asiyelijua. Lakini mpaka uwe na kaunta yako ndipo utalijua. Kuanzia Juni upepo ukianza kuvuma, mpaka mvua zirudi mwishoni mwa mwaka, vumbi jekundu linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Linakaa kwenye mikunjo ya vitambaa vyeupe. Mteja akifunua popelini akakuta mstari wa kahawia penye mkunjo, hanunui, na jora zima linashushwa bei.

Njoo nusu saa kabla ya kufungua. Usianze na kitambaa chenye maji, ukifuta vumbi la hapa kwa maji unatengeneza tope. Anza na brashi laini au kitambaa kikavu, kutoka shelfu ya juu kwenda chini, kisha sakafu, kisha ndipo kitambaa chenye unyevu kwenye kaunta na vioo. Jioni funika majora kwa shuka kuukuu. Na vitambaa vinavyowekwa dirishani kuwapendezea wapita njia, vibadilishe kila wiki. Jua la hapa linakula rangi. Niliwahi kumuuzia mwalimu mmoja kitambaa cha kijani kumbe kina mstari uliopauka mbele nzima, akakirudisha kikiwa kimeshashonwa gauni. Tukamrudishia pesa yake yote. Alikuwa na haki.

Kupima na kukata

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu kosa la kusahau jina la mteja linasahauliwa na kosa la mkasi halirudi.

Kwanza, mkasi wa kitambaa ni wako peke yako. Haukati karatasi, haukati kamba, haufungui boksi. Karatasi inaua makali. Mama aliyekuwa mkubwa wetu upande wa vitambaa, ambako nilihamishiwa mwaka wa pili, alikuwa anaufunga wa kwake kiunoni kwa utepe, na akienda kula anaenda nao kwa mama ntilie. Tulimcheka mpaka tulipopata ya kwetu.

Kabla ya kupima, fungua kitambaa na ukitazame chote utakachouza, uso na mgongo, kwenye mwanga wa mlangoni. Tafuta uzi uliokatika, doa la mafuta ya mashine, rangi iliyoruka. Ukiona kasoro, mwonyeshe mteja wewe kabla hajaiona yeye. Ama utakata baada ya kasoro, ama bosi atapunguza bei. Kasoro aliyoiona dukani ni mazungumzo, akiiona nyumbani wewe ni mwizi.

Kisha ulaze kitambaa juu ya kaunta, usikivute. Wasichana wengi wanafundishwa na wajanja kuvuta kidogo kila mita, kila mita inatoa sentimita mbili tatu, mwisho wa siku jora "limezaa". Usizae majora. Fundi cherehani anapima tena, na mafundi wa mji huu wanajuana. Mafundi wawili wakishasema duka fulani mita zao fupi, hamtaona bibi harusi pale mwaka mzima. Rula ya mita ya dukani iwe na alama ya Wakala wa Vipimo. Kama imepinda au ncha zimelika, mwambie bosi, usiendelee nayo kwa sababu umeikuta.

Jambo la yadi na mita litakusumbua. Wateja wa umri wangu wanasema yadi, rula yako inasema mita. Yadi moja ni sentimita 91 na kitu. Mtu akisema "nikatie yadi sita" ukampimia mita sita, umempa zaidi ya nusu mita ya bure na utaitafuta kwenye mshahara. Akisema mita sita ukampa yadi sita, umemwibia hiyo hiyo. Kwa hiyo uliza, rudia kwa sauti, na mwonyeshe kwa kidole pale utakapokata: "Mama, mita tatu na nusu, mpaka hapa. Nikate?" Subiri aseme "kata." Kuguna si kusema kata. Akishasema, kimekatwa, hakirudi, na watu wote waliosimama pale wamesikia.

Pamba iliyofumwa kawaida, kama popelini au marekani, unaikata kidogo pembeni kisha unaichana kwa mikono miwili. Inakwenda sawa na uzi wake, na ile sauti ya kuchanika wateja wa zamani wanaipenda, wanajua ni pamba kweli. Satini, krepu, na vya kunyumbuka usichane hata siku moja, vitavutika viharibike. Hivyo unakata kwa mkasi, polepole, ukifuata mstari. Vyenye maua au picha zinazoelekea upande mmoja, mwambie mteja mapema kwamba fundi atahitaji kitambaa zaidi, la sivyo ndege wa mgongoni watakuwa kichwa chini.

Mteja atakuuliza, "Suti ya mzee mita ngapi?" Kwa kitambaa cha upana wa inchi 60 na mtu wa umbo la kawaida, mita 3 mpaka 3 na nusu. Suruali peke yake, mita 1 na robo. Lakini maliza kila mara kwa "muulize na fundi wako," kwa sababu kuna wazee wa vitambi na kuna mafundi wanaopenda vipande.

Khanga ni elimu nyingine. Inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, mnunuzi atakata na kupinda mwenyewe. Ifungue uone vipande vyote viwili vimechapwa sawa, pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Jina lisome kwa sauti. Lisome hasa mnunuzi akiwa mwanaume, kwa sababu wanaume wananunua khanga kwa rangi. Kijana mmoja mtanashati alikuja kununua khanga ya kumpelekea mama mkwe, akachagua ya zambarau, nzuri sana, nikamfungia. Kesho yake alirudi nayo uso umeshuka. Ilikuwa imeandikwa "Hasidi hana sababu." Nilimbadilishia na nyingine bila kumuuliza ilikuwaje ukweni.

Salamu kwanza, bei baadaye

Anayeingia ana umri wa kukuzaa, ni shikamoo kabla ya "nikusaidie nini". Usimwite mtu "mteja" usoni pake. Ni mama, baba, bibi, babu, dada, kaka. Wakati wa Bunge, hasa lile la bajeti linaloanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa na utaona watu wa mashati meupe na tai wanataka vitambaa vya suti kwa haraka. Hao ukisikia wenzao wanawaita mheshimiwa, waite mheshimiwa, lakini foleni ni ile ile.

Wateja wenyewe, wale wanaolilisha duka lile, wanashuka kutoka vijijini: Bahi, Chamwino, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa. Wanakuja baada ya mavuno, mwezi wa tano wa sita wa saba, ameuza karanga au alizeti au ng'ombe mmoja, ana orodha kichwani aliyoipanga mwaka mzima. Blanketi kwa sababu baridi ya Juni na Julai huku si mchezo, sufuria, doti mbili za khanga, viatu vya mtoto. Mtu huyu hana haraka na wewe usimharakishe. Ukijua kusalimia Kigogo, "mbukwa" kwa mmoja, na "mbukwenyi" wakiwa wengi, utaona uso unavyofunguka. Mimi si Mgogo, ni Mnyaturu, lakini maneno hayo mawili yameniuzia mablanketi kuliko tangazo lolote.

Siku moja bibi mmoja aliniomba kaniki. Nikamletea khanga nyeusi. Akaisukuma. Nikamletea kitenge cha giza. Akaisukuma. Nikaanza kucheka kwa aibu, na bibi akadhani namcheka yeye, akaanza kukusanya fimbo yake aondoke. Mama wa vitambaa ndiye aliyemuwahi mlangoni, "Bibi, ipo, ipo," akainama shelfu ya chini kabisa akatoa kitambaa cha pamba cheusi kisicho na maua wala maandishi. Akamkalisha kwenye stuli, akamletea maji. Mimi akaniambia neno moja tu, "Uliza." Tangu hapo nisichokijua nauliza: "Bibi, mimi bado mgeni wa vitambaa, nieleze kikoje." Jifunze majina ya zamani ya vitambaa wiki ya kwanza: kaniki, mgolole, marekani, bafta. Vijana hawayataji, lakini wenye kulipa taslimu wanayataja.

Ukiombwa kupunguza na duka ni la bei moja, usijibu "haishuki" halafu ukageuka. Mshushie jora la bei ya chini yake, mwonyeshe tofauti. "Hiki ni pamba yote, kile kina mchanganyiko, kitakaa muda mrefu lakini kitamtia mvaaji joto." Achague. Watu wanaopiga kelele za bei wengi wanataka waonekane wamesikilizwa.

Januari ni vita. Ada ilishafutwa shule za msingi za serikali, na sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa 2016, sare hazikufutwa, na zote zinanunuliwa wiki moja. Mtoto apimwe kifua, kiuno na urefu wa sketi au kaptula, si kukisia kwa darasa. Mzazi atataka kubwa ili ivaliwe miaka mitatu. Panda namba moja, zikizidi mbili mwambie mtoto anyanyue mikono na atembee, mzazi ataona mwenyewe. Kunywa chai nzito siku hizo.

Pesa, japo hushiki

Bili andika wazi: kitu, kipimo, bei, jumla. Usifute, kata mstari na uandike upya, wote mwone. Hakikisha karboni imegeuzwa upande sawa, maana niliwahi kuandika bili kumi na moja ambazo nakala yake ilikuwa mgongoni mwa bili ya juu. Mteja apewe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hata kama ananunua uzi wa kushonea, na asipoiulizia mpe.

Kuna siku keshia atakwenda kuswali au kula na utakaa kizimbani. Noti ya 10,000 iinue kwenye mwanga uone kichwa cha Mwalimu kimejificha ndani ya karatasi, na uipapase. Pesa aliyokupa mteja iache juu ya meza mpaka umalize kumhesabia chenji, ndipo uitie kwenye droo. Hilo peke yake litakuokoa na yule anayesema alikupa elfu kumi wakati alikupa elfu tano.

Akilipa kwa lipa namba, subiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka. Ujumbe ulioko kwenye simu yake si pesa, kuna vijana wanautunga vizuri kuliko mtandao wenyewe.

Na utakutana na mzee aliyefungua kitambaa chenye noti kuukuu alizozihifadhi chini ya kitanda. Benki Kuu iliziondoa noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Huwezi kuzipokea. Mwambie taratibu, pembeni, si mbele ya foleni. Sijui kazi yoyote ya kaunta iliyo ngumu kuliko hiyo.

Ndugu zako watakuja. Binamu kutoka Kongwa atataka umwekee sufuria "mpaka Ijumaa". Mfanyakazi mwenzako atataka kuvaa viatu vipya kwenye harusi na kuvirudisha boksini. Jibu ni hapana, na mlaumu bosi ukitaka, bosi kazi yake mojawapo ni kulaumiwa.

Miguu na mengineyo

Vaa viatu vya chini vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Sakafu ya saruji inaingia mpaka magotini. Kata boksi kubwa, lilaze nyuma ya kaunta, simama juu yake. Jioni chumvi na maji ya uvuguvugu. Nywele safi, kucha fupi kwa sababu ndefu zinavuta nyuzi za satini, na pafyumu kidogo tu, vitambaa vinanywa harufu.

Wanaume wengine watakuja kutazama vitambaa wasivyovihitaji. Akiomba namba, mpe ya duka. Akirudi mara ya tatu, mwite mwenzako mhudumie wawili. Stoo usiingie jioni peke yako na mwanaume, hata kama ni bosi, hata kama anasema mnakwenda kuhesabu mablanketi. Sema, "Ngoja nimuite dada tuhesabu watatu." Kama ni mablanketi kweli, watatu wanahesabu haraka zaidi.

Kufunga mizigo utajifunza kwa macho. Sisi tulifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, fundo moja juu la kushikia kidole, na mifuko ya plastiki ilipokuja tukaacha. Tangu Juni 2019 ilipopigwa marufuku naona karatasi imerudi, na mabinti hawajui fundo. Mwambie mkongwe yeyote akuonyeshe. Lile fundo linamfikisha mtu Kondoa na vikombe vizima.

Saa ya kufunga

Duka likifungwa usikimbilie stendi kuwahi daladala. Rudisha majora mahali pake, ncha ya kila moja ibandikwe pini na karatasi ndogo ya mita zilizobaki. Ukikata mita 3, punguza 3 pale pale, usiseme utaandika kesho. Jumlisha nakala za bili zako, linganisha na kitabu cha keshia. Isipokaa sawa, tafuteni siku ile ile, kosa la leo ni la dakika kumi, la wiki iliyopita halina mwenyewe. Funika shuka. Funga kabati. Vuta mlango wa kabati kuhakikisha.

Na siku ukiondoka, ukapata kazi nyingine au ukaolewa Singida kama yule dada, usimkabidhi mwenzako funguo mlangoni. Panda ngazi, shusheni kila boksi pamoja, afungue, achungulie, aandike, msaini. Nakala yako ikunje uende nayo nyumbani, usiiache kwenye droo ya duka.